Namba Zinazokosekana Rafuni

Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, daktari Harold Ridley alimwekea lenzi ya plastiki ndani ya jicho mwanamke wa miaka 45 mwenye mtoto wa jicho. Hakuna aliyewahi kufanya jambo hilo kabla yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Ridley aliwatibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya dirisha la plastiki la ndege zao, akaona kwamba vipande hivyo vilitulia ndani ya jicho bila kulichoma wala kulivimbisha. Akawaza: plastiki hiyohiyo ikichongwa vizuri, kwa nini isichukue nafasi ya lenzi iliyoharibika? Kampuni ya Rayner ikamchongea. Upasuaji ulikwenda salama na kidonda kikapona. Lakini mgonjwa alipopimwa miwani, jicho lake lilikutwa na tatizo la kutoona mbali la takriban dayopta 18 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Lenzi ilikuwa na nguvu kupita kiasi.

Wakati ule madaktari hawakuwa na njia ya kawaida ya kupima urefu wa jicho la mtu aliye hai, na Ridley hastahili lawama. Ila kisa chake kimebeba mambo mawili ambayo kila programu ya upasuaji wa mtoto wa jicho hukabiliana nayo hadi leo. La kwanza ni kuwa na lenzi. La pili, linalosahaulika haraka zaidi, ni kuwa na lenzi ambayo jicho hili, la mgonjwa huyu, linaihitaji siku anapolala mezani.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoijaa lenzi ya asili, ile iliyo nyuma ya mboni. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 15 wenye umri wa miaka 50 na zaidi duniani walikuwa vipofu kwa sababu hiyo. Dawa yake ni moja tu, kuiondoa lenzi iliyoharibika. Lakini jicho lililoondolewa lenzi limepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kukusanya mwanga, na kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa kwa miwani mizito ya dayopta 10 hivi, yenye vioo vinene vinavyokuza kila kitu na kumfanya mvaaji akosee ngazi. Miwani ikivunjika au ikipotea, mtu alirudi gizani ingawa kidonda chake kilikuwa kimepona zamani. Katika miaka ya 1990 utafiti uliofanyika Madurai, kusini mwa India, uliwagawa wagonjwa 3,400 katika makundi mawili, wa miwani na wa lenzi ya kupandikizwa. Waliopandikizwa lenzi waliona vizuri zaidi na kuishi kwa urahisi zaidi, bila kuongezewa hatari ya maana. Tangu hapo hoja ya kwamba lenzi ni anasa ya matajiri haikuwa na pa kusimama.

Ilibaki bei.

Madurai ndiko Govindappa Venkataswamy, daktari aliyestaafu utumishi wa serikali akiwa na vidole vilivyopindwa na baridi yabisi, alikofungua hospitali ya vitanda 11 mwaka 1976. Aliiita Aravind. Hospitali ilikua kwa kasi, mpasuaji mmoja akihudumia meza mbili ili asipoteze dakika akisubiri mgonjwa afuataye aandaliwe. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 lenzi moja kutoka Marekani au Ulaya iligharimu takriban dola 100, na masikini waliofanyiwa upasuaji bure walitegemea lenzi za msaada zilizopitia shirika la Seva. Msaada huja kwa idadi anayoweza mtoaji na kwa namba alizobakiza, wala hauji kwa ratiba ya hospitali. Mwaka 1992, kwa juhudi za David Green wa Seva pamoja na watu wa Aravind, kikafunguliwa kiwanda cha Aurolab. Lenzi zake zilianza kuuzwa kwa dola 10 hivi, kisha zikashuka chini ya dola 5. Karibu wakati huohuo wakfu ulioanzishwa na Fred Hollows, daktari wa macho wa Australia aliyefariki mwaka 1993, ulisaidia kujenga viwanda viwili vingine: kimoja Kathmandu, kwenye kituo cha Tilganga alichokianzisha Sanduk Ruit na wenzake, na kingine Asmara, mji mkuu wa Eritrea, nchi iliyokuwa imetoka vitani juzi tu.

Wengi wanaoisimulia historia hii huishia hapo, kwenye ushindi wa bei, na ushindi huo unastahili sifa zote. Lakini lenzi ya dola 4 ambayo haimo rafuni haimsaidii mgonjwa, kama vile ile ya dola 100 isivyomsaidia. Bei iliposhuka, kazi ngumu ilihamia mahali pasipopigwa picha za magazeti: chumba chenye rafu, daftari na mtunza stoo.

Kila lenzi ina namba yake, yaani nguvu yake kwa dayopta, na kwa kawaida namba hizo hupanda kwa nusu nusu: 20.0, 20.5, 21.0. Programu ya kawaida huhitaji kuanzia 10 hadi 30. Namba ya mgonjwa hupatikana kwa kupima vitu viwili: mpindo wa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Mwaka 1980 madaktari watatu wa Marekani, Sanders, Retzlaff na Kraff, walitoa fomula iliyowafaa hata wasio na kompyuta. Unachukua namba maalumu ya aina ya lenzi, unatoa urefu wa jicho kwa milimita mara 2.5, kisha unatoa nguvu ya konea mara 0.9. Jicho la milimita 23.5 lenye konea ya dayopta 43.5, kwa lenzi yenye namba maalumu 118.4, linataka lenzi ya 20.5. Jicho likiwa refu zaidi kwa milimita moja tu, jibu hushuka hadi 18.0. Siku hizi kuna fomula bora zaidi, hasa kwa macho marefu sana na mafupi sana, lakini hesabu hii inaonyesha jambo lenyewe. Mpimaji akiikandamiza konea kwa ncha ya mashine kiasi cha kuibonyeza milimita 0.4, jicho husomeka fupi kuliko lilivyo na mgonjwa huandikiwa dayopta nzima ya ziada. Stoo hutoa kile ilichoandikiwa, hivyo makosa ya chumba cha vipimo humfuata mgonjwa hadi nyumbani.

Zamani kulikuwa na njia ya mkato. Programu nyingi, hasa za kambi za muda za upasuaji wa macho, ziliagiza namba moja au mbili, 21 au 22, zikamwekea kila mtu. Kwa anayetoka upofu kamili, hata lenzi isiyomkaa sawasawa ni nafuu kubwa, na waliofanya hivyo hawakuwa na mashine za kupimia. Leo hoja hiyo imechoka. Anayehitaji 17 akawekewa 21 huachwa na tatizo la kutoona mbali la karibu dayopta 3, kwa kuwa kila dayopta ya lenzi iliyo ndani ya jicho hulingana na kama 0.7 kwenye miwani. Huyo angalau ataona uzi na sindano akivileta karibu. Anayehitaji 25 akawekewa 21 yuko pabaya zaidi: mbali hakuko wazi kwake, na karibu ndiko kubaya kupita mbali. Kwa sababu hiyo wapasuaji wazoefu, namba kamili ikikosekana, huchukua iliyo juu kidogo badala ya iliyo chini kidogo. Kosa la upande mmoja huvumilika kuliko la upande mwingine, na mpangaji wa stoo anapaswa kulijua hilo kama anavyolijua mpasuaji.

Hapa ndipo hesabu inapowatatiza watu. Muuza viatu wa Kariakoo haagizi jozi elfu za saizi 42 eti kwa kuwa ndiyo saizi ya wastani ya wateja wake, lakini maombi ya lenzi yanayosema tu “lenzi 1,200” huandikwa hadi leo.

Tuchukue hospitali ya mfano inayopasua macho 1,200 kwa mwaka, ambayo wagonjwa wake wana wastani wa namba 21, na theluthi mbili yao wakiwa kati ya 19 na 23. Karibu nusu watahitaji namba kuanzia 20 hadi 22. Namba 21.0 peke yake itatumika mara 120 hivi kwa mwaka, yaani mara 10 kwa mwezi. Namba 26.0 itatumika mara 5 kwa mwaka mzima. Na ukijumlisha wote wanaohitaji 16.5 kushuka chini au 25.5 kupanda juu, utapata watu wapatao 40. Ni wachache. Mtunza stoo anayepambana na bajeti atashawishika kusema hao watashughulikiwa wakifika.

Sasa tuseme oda huchukua miezi 4 tangu kuandikwa hadi mzigo kuwekwa rafuni. Katika miezi hiyo 4 zitahitajika lenzi 40 hivi za 21.0. Mahitaji hayatakuwa 40 kamili, huenda yakawa 35 au 48, na ukiweka 53 utakuwa salama karibu kila mara. Akiba hiyo ni theluthi moja juu ya mahitaji ya kawaida. Kwa 26.0, miezi 4 itahitaji chini ya lenzi 2. Ukitumia kanuni ileile ya theluthi utaweka 2, na katika kipindi kimoja kati ya vinne zitaisha kabla mzigo haujafika. Ili hatari ya kuishiwa ishuke hadi kipindi kimoja kati ya mia, inabidi ziwekwe 5. Yaani namba inayotumika mara chache ndiyo inayodai akiba kubwa zaidi ukiilinganisha na matumizi yake, kwa sababu mahitaji madogo huyumba kuliko makubwa. Kufika kwa wagonjwa wawili katika wiki moja hakutikisi rafu ya 21.0, ila rafu ya 26.0 hubaki tupu.

Na gharama? Lenzi tatu za ziada kwa dola 4 kila moja ni dola 12. Ni vigumu kupata katika tiba yote fedha kidogo kama hizo zinazomzuia mtu kubaki na jicho lisiloona vizuri kwa maisha yake yote. Hata kama mbili kati yake zitapitwa na muda bila kuguswa, hasara hiyo ni sehemu ya gharama halali ya programu, na mkaguzi wa hesabu aelezwe hivyo mapema asije akaiita uzembe.

Hospitali zilizo jirani zina njia nyingine. Tano zikiwa na mahitaji yaleyale, kila moja ikiweka lenzi 5 za 26.0, jumla ni 25. Zikiweka akiba ya pamoja katika stoo moja, 15 zinatosha kwa usalama karibu sawa. Sharti ni kwamba mgonjwa apimwe mapema, angalau siku moja kabla ya upasuaji, ili lenzi iwe imetumwa na kufika kabla hajalazwa mezani. Hospitali inayopima asubuhi na kupasua mchana haiwezi kunufaika na akiba iliyo wilaya ya pili.

Mgawanyo wa namba haufai kunakiliwa kitabuni wala kwa jirani. Macho ya watu hutofautiana urefu kutoka jamii moja hadi nyingine, na mashine za kupimia nazo zina tabia zake. Chanzo sahihi ni daftari la chumba cha upasuaji la hospitali yenyewe, la miezi 12 iliyopita, namba kwa namba. Lakini kuna mtego ndani yake: daftari huonyesha lenzi zilizowekwa, na huenda baadhi ziliwekwa kwa sababu ile iliyotakiwa haikuwepo. Ukiagiza kwa kufuata kilichowekwa, upungufu wa mwaka jana unauandikia oda ya mwaka huu. Ndiyo maana daftari zuri lina safu mbili, ya namba iliyopendekezwa na vipimo na ya namba iliyowekwa, na oda hufuata ile ya kwanza.

Katika Afrika Mashariki umbali na urasimu huzidisha kila ugumu uliotajwa. Lenzi huagizwa kutoka nje, mara nyingi India, na kabla ya kufika Moshi, Dar es Salaam, Kikuyu au Sabatia hupita kwenye usajili wa vifaa tiba, malipo kwa fedha za kigeni na forodha. Mzigo wenyewe ni mwepesi, lenzi mia kadhaa huingia katika boksi moja na kusafiri kwa ndege, kwa hiyo miezi inayopotea hupotelea kwenye karatasi. Anayepanga hana budi kupima muda halisi wa oda zake za nyuma, tangu siku ya kuomba idhini ya malipo, asitegemee muda aliotajiwa na muuzaji.

Tena wagonjwa hawaji kwa mpangilio wa kalenda ya fedha. Huja baada ya mavuno, wanapokuwa na nauli na mtu wa kuwasindikiza, au hukusanywa na timu zinazozunguka vijijini. Kenya imewafundisha maofisa tabibu upasuaji wa mtoto wa jicho, na Tanzania iliwafundisha madaktari wasaidizi, ili huduma isogee karibu na watu. Kila mpasuaji mpya anayemaliza mafunzo ni ongezeko la mamia ya lenzi kwa mwaka, na jambo hilo linajulikana mapema kabisa, tangu siku anapoanza masomo. Inasikitisha kuona mpasuaji amerudi wilayani, darubini yake imefika, halafu anakaa kwa sababu hakuna aliyeiongeza oda.

Kambi ndizo zinazoivuruga hesabu zaidi. Timu inayokwenda kupasua watu 100 haiwezi kubeba lenzi 100, kwa kuwa haijui ni macho gani itakutana nayo. Itabidi ibebe nyingi zaidi na kurudi na salio, na kila salio linalosafiri kwenye jua na vumbi hurudi na maboksi yaliyopondeka. Aravind iliitatua shida hiyo kwa kubadili utaratibu wenyewe: kambi zikabaki za uchunguzi, na wanaohitaji upasuaji wakapandishwa basi hadi hospitali kuu, kisha wakarudishwa kwao. Faida inayotajwa sana ni usafi wa chumba cha upasuaji. Faida ya pili ni kwamba mgonjwa hupimwa na kupasuliwa hatua chache kutoka kwenye rafu iliyojaa. Pale barabara zinaporuhusu, huo ndio utaratibu wa kufuatwa.

Msaada nao una adabu zake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa za msaada, iliyotolewa katika miaka ya 1990, inataka dawa ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na hakuna sababu lenzi itendewe vingine. Lakini hata lenzi za msaada zenye miaka mitatu mbele yake huleta shida zikiwa za viwanda vitano tofauti. Kila aina ina namba yake maalumu ya kuingiza kwenye fomula. Ukipima kwa 118.0 kisha ukaweka lenzi ya 118.7, mgonjwa amekosewa kwa dayopta 0.7 ingawa namba kwenye boksi ndiyo hiyohiyo. Katika chumba chenye wagonjwa 40 kwa siku, kumtaka muuguzi akumbuke tofauti hiyo kwa kila boksi ni kumtwisha hatari isiyo yake. Programu kubwa huchagua aina moja, zikizidi ni mbili, na huwa na ujasiri wa kukataa zawadi isiyolingana nazo.

Ipo pia lenzi ambayo kila mpasuaji huomba asiihitaji, ile ya kuwekwa mbele ya mboni. Mfuko mwembamba unaobeba lenzi ya kawaida ukipasuka vibaya, mara nyingi hiyo ndiyo hubaki njia ya kumwokoa mgonjwa asitoke bila lenzi. Namba yake maalumu ni kama 115, kwa hiyo aliyepimiwa 21 huhitaji 18 hivi. Maana yake ni kwamba rafu ya lenzi hizi ina mgawanyo wake, ulioshuka kwa dayopta 3, na idadi yake hutokana na kiwango cha mipasuko kinachosomeka kwenye daftari. Mpasuaji anayejifunza hupasua mfuko mara nyingi zaidi, hivyo hospitali ya kufundishia huweka zaidi.

Aina ya lenzi hufuatana pia na aina ya upasuaji. Lenzi ngumu ya plastiki yenye upana wa milimita 6 hutaka njia ya upana huo, wakati lenzi inayokunjika hupita kwenye tundu lisilofika milimita 3 lililofunguliwa na mashine ya mawimbi ya sauti. Mwaka 2007 Ruit na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 108 nchini Nepal lililozilinganisha njia hizo mbili. Kwa mkono na lenzi ngumu upasuaji ulichukua wastani wa dakika 9, kwa mashine dakika 15 na nusu, na baada ya miezi 6 asilimia 98 ya kila kundi waliona 6/18 au zaidi kwa miwani bora. Kwa programu inayolenga maelfu, matokeo hayo huamua mengi: lenzi, visu, nyuzi, na hata umeme wa jenereta. Hesabu ya lenzi isipoambatana na hesabu ya jeli ya kulinda konea, visu vya kufungulia, maji ya kuoshea ndani ya jicho, iodini na matone ya baada ya upasuaji, siku moja jeli itaisha na lenzi 600 zitakaa kabatini zikisubiri.

Wiki nne hadi sita baada ya upasuaji mgonjwa hurudi kupimwa. Kipimo hicho huchukuliwa kuwa cha kutafutia miwani, lakini ni hapohapo mpangaji anapojua kama rafu yake ilisema kweli. Wagonjwa 50 wa lenzi aina moja wakibaki wote na nusu dayopta upande uleule, ama namba maalumu inayotumika haiifai hospitali hiyo, ama ncha ya mashine inakandamiza, na oda inayofuata hubadilika kwa sababu hiyo. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kupandisha kwa nukta 30 za asilimia, ifikapo 2030, idadi ya wanaofikiwa na upasuaji wa mtoto wa jicho wenye ubora. Aliyefanyiwa upasuaji akabaki haoni vizuri haingizwi katika hesabu hiyo. Yule mtu wa 25 aliyewekewa 21 atahesabiwa na hospitali miongoni mwa waliopasuliwa, na nchi yake itamhesabu miongoni mwa ambao bado hawajafikiwa.